Nyama ya Walinzi, Bati la Wazazi

Mwalukonge, Misungwi
5 Desemba 2024

Mdogo wako ameshinda! Queen ndiye mwenyekiti wa kijiji! Siyo wa kitongoji, Shigela, wala wa kikundi cha kuweka na kukopa. Wa kijiji kizima, kuanzia mwaloni wanakoshusha samaki mpaka kule juu kwa wafugaji.

Haya, sasa nikusalimie. Hujambo mwanangu? Mimi mzima, ila sauti imenikauka kwa vigelegele. Jumatatu nilikwenda Igogo kuuza dagaa, wakaniuliza, Mama Shigela, leo mbona huongei? Nikawaonyesha kwa mikono kwamba hapa mbele yenu amesimama mama wa koplo na mama wa mwenyekiti, mnipunguzie bei ya viroba. Hawakunipunguzia. Wivu tu.

Mkeo Tereza hajambo. Tumbo limeanza kuonekana, na anatafuna udongo wa kichuguu vilevile nilivyotafuna mimi nikiwa na wewe, kwa hiyo ni wa kiume, wala usibishe. Jovinary, yule tabibu wa zahanati yetu aliyetoka Bukoba, anasema ni mwishoni mwa Juni. Hiyo kozi yenu mwisho lini?

Najua simu zenu zimekusanywa hadi mmalize. Mimi naona afadhali. Simu ukishaongea imekwisha, barua naitembeza. Ile yako ya Oktoba imesomwa kwenye harusi mbili na kwenye kipaimara kimoja.

Sasa sikiliza. Januari kuna mkutano mkuu wa kijiji, wa kwanza wa Queen. Andika barua ya kumpongeza, itie maneno ya kijeshi jeshi, niisomeshe mbele za watu wajue kuwa nyumba ya marehemu baba yako Shimba haijalala.

Mama yako akupendaye,
Evelina Maige
(Mama Koplo, na sasa Mama Mwenyekiti)


Kambini
22 Desemba 2024

Mama, shikamoo.

Nimefurahi mno. Niliruka kitandani hadi mwenzangu wa kitanda cha chini akadhani tunaitwa gwaride. Mpe Queen hongera zangu, na Tereza mwambie asibebe ndoo.

Lakini mama, Queen naye ameniandikia. Anataka mkutano wa Januari upunguze fungu la sungusungu, nusu yake ikaezeke lile boma la wodi ya wazazi pale zahanati. Mama, hapana. Tangu baba alipokuwa kamanda wa sungusungu, kila kaya inatoa debe la mahindi na mwalo unatoa ushuru wake, walinzi wanakula, wanavaa, wanazunguka. Ndiyo maana mwizi wa ng'ombe akifika mpakani mwetu anapinda. Watu wakiona hajaja siku nyingi wanasema, mlinzi wa nini? Hajaja kwa sababu mlinzi yupo!

Na nchi iko hivyohivyo. Punguza fedha za jeshi leo, kesho hutaona kitu. Hapo ndipo unapodanganyika ukajiona una akili. Adui haji siku unayopitisha bajeti, anakuja siku umeshaisahau.

Queen ni hodari wa kusema, ila ulinzi si nyuzi za nyavu anazouza, kwamba ukikosa leo utanunua Jumamosi. Atatuvua nguo mchana kweupe. Mwambie hayo wewe, pembeni, taratibu, maana ana hasira za baba.

Mwanao,
Shigela


Mwalukonge
19 Januari 2025

Mwanangu Shigela,

Barua yako imesomwa.

Usinikasirikie kwanza. Miwani yangu ilivunjika Krismasi, shangazi yako aliikalia, na unamjua alivyo. Barua ilipofika niliona kwa mbali "Mama, shikamoo" na "Nimefurahi mno", nikasema yatosha, mengine tutayasikia pamoja na watu. Nikaikunja kwenye khanga. Jana mkutanoni nikasimama, nikawaambia kuna salamu kutoka jeshini. Nikatafuta mtu mwenye sauti. Nani ana sauti kumshinda Ngosha? Nikampa Ngosha.

Ndiyo, Ngosha kamanda wa sungusungu. Yuleyule anayepunguziwa.

Alisoma kwa raha, mwanangu! Pale pa adui alirudia mara mbili. Pale pa kuvuliwa nguo wazee walipiga meza. Alipofika "mwambie pembeni, taratibu", watu wakacheka hadi mmoja akadondoka kwenye benchi, na Queen amesimama pale mbele ameshika daftari lake, hacheki, halii. Mimi nilitamani ardhi inipasukie, lakini pia, nisikufiche, niliona barua yako imeandikwa vizuri sana.

Basi wakapiga kura ya mikono. Wanawake wote waliokwisha kubebwa kwa bodaboda na uchungu kwenda Misungwi mjini, mikono juu. Na wale wavuvi vijana. Queen akapita, kidogo tu, kama anayepita kwenye mlango mwembamba na mtungi kichwani.

Tangu jana hajaja kunywa uji kwangu. Atakuja. Tereza hajambo.

Mama yako,
Evelina


Mwalukonge
2 Februari 2025

Kaka Koplo,

Shikamoo. Nimekuamkia kwa sababu mama alinilea vizuri, si kwa sababu unastahili.

Nilikuandikia wewe, kaka yangu, ukajibu kwa kipaza sauti. Sawa. Najua hukujua itasomwa. Lakini uliyaandika.

Hujakaa hapa miaka mitano ukafungua macho, unakuja likizo unapewa kuku unaondoka. Nikueleze fungu hilo linakokwenda. Kila siku ya gulio walinzi wanachinja. Wanakaa pale kwenye kibanda chao, nyama inaiva, wanagawana mapaja. Hiyo ndiyo nusu niliyoikata. Enzi za baba walikula wapi? Kila mtu kwake, kisha anatoka. Na enzi za baba ukipigwa mwano, ule ukelele wa hatari, nani alikimbia? Si walinzi tu. Kila aliyesikia ile sauti, hata aliyekuwa na tonge mdomoni, alitoka na fimbo, na asiyetoka alitozwa faini na kususiwa hata moto wa jirani. Sasa hivi mwano ukipigwa watu wanageukia upande wa pili: "Si wapo wanaokula nyama yetu?" Hilo ndilo limetudhoofisha, kaka.

Unasema kijiji ni kama nchi. Basi na nchi ni kama kijiji. Mwaka juzi mke wa Malimi alifia njiani, na mtoto ndani. Walinzi walikuwepo, wameshiba. Yule alikuwa adui gani, mbona hawakumzuia?

Tereza wako anajifungua Juni. Mimi nampigia bati.

Kitu kimoja ndicho kinaniuma. Wakati wa kura nilitazama mkono wa mama. Haukunyanyuka. Upande wangu haukunyanyuka, na upande wako haukunyanyuka. Mama anayejisifu juu yetu mpaka kwa makondakta!

Mdogo wako,
Queen Shimba
Mwenyekiti


Kambini
20 Februari 2025

Queen,

Marahaba, ingawa imekuja na mawe ndani.

Nisamehe aibu. Ningekuwepo ningemnyang'anya Ngosha ile karatasi.

Ya mke wa Malimi, hapo haki ni yako. 

Lakini nikuulize neno moja na unijibu bila hasira. Ulipokata nyama, ulikata na nini kingine? Najua mikutano yetu, mtu akishika panga hapunguzi tawi, anaangusha mti. Viatu vya walinzi vilikuwa kwenye fungu hilohilo. Tochi zilikuwa humo. Filimbi je? Ulimwita Ngosha ukamuuliza anahitaji nini, au ulimwona ni mpinzani wa kura tu?

Nikwambie nilichokijua huku lindoni. Hatusimami kwa sababu tumekula. Mtu anasimama na mvua inampiga kwa sababu anajua saa yake ikifika kuna mwenzake atakuja kumpokea. Ukimwondolea hilo, hata ukimpa ghala zima la silaha, atakimbia. Kwa hiyo katika ule mwano wako nakubali kuna kitu. Lakini anayekuja kupokea aje na viatu, Queen. Peku hafiki.

Mama usimlaumu. Muulize.

Kaka yako,
Shigela


Mwalukonge
6 Aprili 2025

Mwanangu,

Hapa kwetu ni mazuri matupu. Bati limepanda! Linang'aa hadi wavuvi wanasema wakiwa ziwani wanaliona kabla ya mlima. Mabati yalitoka Nyamagana, Queen mwenyewe alikwenda kuyachagua, na mwenye duka alipojua anauziana na mwenyekiti mwanamke alimpa soda. Baridi.

Miwani mpya ninayo. Sasa nasoma kila kitu kabla ya kutoa kwa watu, usiwe na wasiwasi.

Tereza anakua. Ng'ombe wazima. Mvua imekuja vizuri na mahindi yamesimama kama askari wako. Queen anakuja kunywa uji, siku moja moja. Ng'ombe wako wanakula vizuri, wamepelekwa malisho ya mbali kidogo tu. Ngosha anakusalimu, anapumzika kwake. Wewe soma kozi yako, upate cheo, ukija nikuite jina jipya. Ng'ombe ni wazima kabisa.

Mama yako mwenye furaha,
Evelina


Kambini
25 Aprili 2025

Mama, shikamoo.

Sikuuliza habari za ng'ombe. Umenijibu mara tatu.

Na Ngosha hajawahi kupumzika tangu abatizwe. Kuna nini nyumbani? Kama ni baya niambie, maana hapa ninalala nikiona mabaya zaidi. Ukininyima nitaomba ruhusa nije, na nikitoka katikati ya kozi nitaianza upya mwakani.

Shigela


Mwalukonge
10 Mei 2025

Shigela mwanangu,

Kaa hukohuko. Ukitoka kwenye kozi hiyo nitakuchapa na cheo chako. Kaa, nikueleze yote, na Queen amekaa hapa pembeni anahakikisha sipunguzi chumvi wala siongezi.

Tuliibiwa. Ilikuwa gulio la mwisho wa Machi. Tangu nyama ilipokatwa, vijana wengi wa ulinzi waliacha, wakasema bila nyama hawazunguki. Akabaki Ngosha na wenzake wawili. Wezi walijua, maana mambo ya mkutano yanafika mbali kuliko basi. Wakaja mchana, watu wote tuko gulioni, ng'ombe wameteremka kunywa maji ziwani. Wakawaswaga kufuata ufuko kuelekea kwenye majabali.

Ngosha akapuliza filimbi. Tuliisikia wote. Na kweli aliyoandika Queen niliiona kwa macho yangu: watu walitazamana. Mmoja akasema, "Si wapo wenyewe?" Akaendelea kuchagua nyanya. Kisha nikamwona Ngosha anapita nyuma ya vibanda, mbio, peke yake, na mguuni ana kandambili. Kandambili, Shigela, moja imefungwa kamba! Viatu vilikatwa pamoja na nyama. Queen anasema niandike hivyo hivyo, kwamba kamati ilifuta mstari mzima na yeye akatia sahihi.

Mwanangu, mimi ni mtu mzima, goti hili unalijua. Nilipanda juu ya meza yangu ya dagaa. Nikapiga mwano. Ule wa zamani, ule baba yako alisema nikiupiga hata fisi anaomba radhi. Sijui sauti ilitoka wapi. Mara mama wa mihogo akaupokea, akaupokea muuza mitumba, ukaenda hadi mwaloni. Na hapo nikasema kwa nguvu zote: "Anayekula mahindi ya kijiji hiki aondoke hapo alipo!" Waliondoka. Wanaume na vikombe vyao, wanawake na michi. Wavuvi wakawasha mashine, mitumbwi ikaenda kwa maji ikawatangulia wezi kule majabalini. Walipotokea, wakakuta kijiji kimeshafika.

Wawili tuliwakamata. Watu walitaka kuwamaliza. Queen akasimama katikati na mikono hivi, akasema, "Atakayewapiga atanipiga mimi kwanza," na alikuwa na ile sura ya baba yako. Wakapelekwa polisi wazima, wamepungua mashati tu.

Ng'ombe karibu wote walirudi. Wako yule mwenye baka jeupe usoni hakurudi, wala ndama wake. Nisamehe. Najua ulimnunua kwa mshahara wa kwanza. Na Ngosha, jiwe lilimchana unyayo mpaka ndani, Jovinary alishona, hakukanyaga mwezi mzima. Alilazwa wapi unafikiri? Kwenye wodi ya wazazi, chini ya bati jipya! Wanawake wanamchokoza hadi leo, Kamanda, mtoto wako ana kilo ngapi?

Nilikuficha kwa nini? Kwanza niliogopa utasema "niliwaambia" na mdogo wako alikuwa amekwisha kuvunjika moyo, ameandika barua ya kujiuzulu, nikaificha kwenye unga. Pili, nilikuwa nimeshamwambia kila mtu Igogo kwamba mpango wa binti yangu ni wa ajabu. Kusifu kunapanda haraka, mwanangu, kushuka hakuna ngazi.

Sasa mazuri. Jumamosi iliyopita tumekaa mkutano tena. Ngosha aliletwa kwa baiskeli, mguu umenyooshwa. Kila mtu anangoja aseme rudisheni fungu lote. Akasema, "Nyama sikuililia. Nimelilia kiatu. Na siku ile nilipogeuka nyuma nikaona kijiji kizima kinakuja, sikuhitaji nyama tena maisha yangu." Queen naye akasimama akasema mbele ya wote, "Nilikata bila kumuuliza mlinzi. Hapo nilikosea." Halafu akaongeza, "Bati sirudishi." Wakacheka.

Wamekubaliana hivi: viatu, tochi na filimbi virudi kwenye fungu, tena vipya. Nyama hapana. Na ulinzi ni zamu ya kila kaya, na wanawake wamo. Mwano ukipigwa, asiyetoka anatozwa kama zamani.

Wakati wa kura Queen alinitazama. Nikanyoosha mikono yote miwili. Mwandishi akasema, Mama, kura ni moja. Nikamwambia Januari sikupiga hata moja, hii moja ni ya deni. Unajua kwa nini ile siku sikunyoosha, mwanangu? Kila mkono niliotaka kuunyanyua niliona unampiga mmoja wenu.

Mama yako,
Evelina
(mpiga mwano wa kijiji, sasa wananiita hivyo, nami siwakatazi)


Kambini
1 Juni 2025

Mama shikamoo, na Queen nakusalimu hapohapo pembeni ulipokaa.

Nimesoma barua hii kwa wenzangu wote wa bwenini. Ulipopanda kwenye meza walisimama. Mmoja anatoka Kagera, mwingine Mtwara, wote wanataka kujua kama goti lako ni zima.

Yule mwenye baka jeupe basi. Inauma, lakini basi.

Queen, hujanishinda, umenisogeza. Bado nasema mwenye kupunguza ulinzi ashike kisu kwa mikono miwili na mlinzi awe amekaa mezani. Ila nilikuwa nadhani ulinzi ni kile kilichomo ghalani. Mama amenionyesha kuwa nusu yake iko gulioni, inachagua nyanya, inasubiri kuitwa. Hilo sitalisahau hata nikivaa nyota. Na usijiuzulu. Mama, ile barua iliyo kwenye unga iwashie moto usongee ugali.

Kozi inaisha mwanzoni mwa Julai. Mwambieni Tereza avute pumzi anisubiri.

Shigela


Mwalukonge
30 Juni 2025

Hakukusubiri! Amekuja juzi, mwanaume, ana sauti ya mwano, kichwa cha Shimba mtupu! Nani alisema ni wa kiume tangu Desemba? Mimi sisemi kitu.

Salamu baadaye, nina kazi. Tereza alishikwa na uchungu asubuhi anapepeta mchele. Zamani tungetafuta bodaboda, tungemkalisha katikati ya watu wawili, na ile barabara ya mawe yangu macho. Safari hii tulitembea. Tulitembea, Shigela! Alisimama mara moja chini ya mti wa Malimi kupumua, na Malimi mwenyewe akatoka na kiti, akatufuata nacho nyuma hadi mlangoni, machozi yanamtoka. Vitanda bado havijafika vyote, rangi haijakauka, mgeni rasmi hajaalikwa. Mjukuu wangu hakungoja mgeni rasmi. Jovinary anasema damu ilitoka nyingi kidogo, kwamba kama tungekuwa njiani, lakini sitaki kumaliza sentensi hiyo na wewe usiimalize. Hatukuwa njiani. Tereza amekaa kitandani anakunywa uji, ananiambia nisitie chumvi kwenye barua.

Nje ya dirisha zamu ilikuwa ya kaya yetu, kwa hiyo mwenyekiti alikuwa lindoni, na viatu vipya, na filimbi shingoni. Mtoto alipolia akaipuliza. Kijiji chote kikaja mbio na fimbo! Ngosha anachechemea mbele. Kukuta ni mtoto, wakataka kumtoza mwenyekiti faini kwa kupiga filimbi ya uongo. Queen akasema, "Nani kasema ya uongo? Amekuja mtu." Faini wameisamehe.

Jina bado hana. Sisi tunamwita Askari kwa muda, mwenye kumpa jina ni wewe. Queen ameniambia nikuandikie tu siku ya kufungua wodi, yeye anaona haya kukuomba uje. Ngosha anakata utepe pamoja na Tereza, hivyo ndivyo Queen alivyoamua. Siku hiyo nyama ipo, lakini inachinjwa na wote na inaliwa na wote. Nimeshawaambia wa Igogo, wa mwaloni, wa parokiani na makondakta wa njia hii yote. Waambie na hao wa Kagera na Mtwara kama watapewa ruhusa.

Huu ni mwano, mwanangu, siyo mwaliko. Atakayeusikia asije, atatozwa. Ni Jumamosi, tarehe kumi na mbili Julai, saa nne asubuhi, chini ya bati jipya. Njooni wote.

Mama yako, Bibi yake,
Evelina Maige